Taarifa ya mwaka ya mwenyekiti kwa wauza samaki, Lubumbashi

Jambo yenu, mama na baba wanachama.

Hesabu za kotizasio, yaani michango yenu, atazisoma mweka hazina. Mimi nasema tu kwamba sanduku halikukauka, ila limekonda, na friza ya pili hatukununua.

Mwaka mzima mmeniuliza swali moja: kwa nini samaki wa Kasenga anachelewa, na akifika ni mdogo? Wengine mlisema wenye malori wanamficha. Basi Novemba tulikwenda wenyewe, watu watatu, hadi Kasenga, ukingoni mwa mto Luapula.

Wavuvi hawakuzungumza habari za malori, walizungumza maji. Kuna samaki wa ziwa Mweru ambao hawatagi hadi mto uwaite. Ukipanda na kuchafuka kwa udongo wa mvua za kwanza, wanatoka ziwani, wanakwea, wanaingia kwenye majani yaliyofunikwa na maji na kutaga humo. Vitoto hukulia humo, kisha hushuka maji yakipungua. Mvua ikichelewa, mama anabaki na mayai tumboni. Ikianza halafu ikakatika ni mbaya zaidi: maji yanarudi mapema, vitoto vinanaswa vidimbwini, ndege wanakula.

Vijana wengi hawamjui samaki aitwaye mpumbu. Bibi yangu alimuuza. Kila mwaka samaki huyo alipanda Luapula kwa makundi kwenda kutaga, na kila mtu alijua njia yake, kwa hiyo nyavu zikatandazwa njiani humo humo. Hata kabla ya uhuru wa 1960 uvuvi wake ulikuwa umeshaanguka. Hapakuwa na bwawa la kusingizia. Alivuliwa akiwa safarini, na tumbo limejaa.

Mto Lufira ni habari nyingine. Mtambo wa Mwadingusha ulianza kutoa umeme 1930, na ukuta wake ndio uliozaa ziwa Tshangalele. Tusiutwike kila kosa: palikuwa na maporomoko tayari. Lakini chini ya ukuta maji hufunguliwa kwa mahitaji ya umeme, si kwa msimu wa samaki. Juu yake yametulia, na tilapia, ambaye hahitaji mkondo ili atage, ameneemeka. (Ndiyo maana wenzetu wanaonunua huko hutucheka tukilalamika.)

Kamati ilipendekeza kwamba kuanzia 1 Desemba hadi mwisho wa Februari tusinunue samaki wa Luapula mwenye mayai. Ng'ambo, Zambia, miezi hiyo uvuvi hufungwa kwa sheria. Mlipiga kelele, na sehemu ya kelele ilikuwa ya haki: Desemba ni mwezi wa Noeli, na mteja hulipa zaidi kwa mayai hayo. Mama mmoja aliuliza kama mwenyekiti ndiye atakayelisha watoto wake. Sikuwa na jibu siku ile.

Leo ninalo nusu. Atakayekubali kuacha atakopeshwa na sanduku, bila faida, anunue tomson, yule samaki wa friza, na samaki mkavu wa Tshangalele kwa miezi hiyo mitatu. Hatulazimishi mtu. Majina yaandikwe kwa katibu kabla ya kura ya Jumamosi.

Mabanda ya soko bado yanavuja. Barua tumeandika mara mbili.

Na wenye deni la friza ya kwanza, njooni nalo Jumamosi hiyo hiyo.