Kijana huja dukani akiwa amekwisha kujisamehe

Mhariri,

Tangu mkimbiaji wetu wa marathoni Ruth Chepngetich afungiwe miaka mitatu kwa pufya, yaani dawa zilizokatazwa michezoni, Oktoba 2025, nimesoma maoni mengi yanayowaita wanariadha wetu walafi. Mimi ni mfamasia hapa Eldoret, na wakimbiaji ni wateja wangu wa kila siku. Walafi ni wachache. Ninaowaona ni vijana wenye adabu, wengi wao waumini wazuri, ambao kabla ya kugusa pufya wamekwisha kujishtaki, kujitetea na kujiachilia huru.

Hakuna anayeingia akiomba pufya. Hutaja goti. "Daktari, nisaidie ile sindano ya goti, nina mbio Jumapili." Anayoitaka mara nyingi ni triamcinolone, ambayo kweli hutuliza uvimbe na maumivu. Kitengo cha uadilifu cha riadha duniani, AIU, kilieleza mwaka 2022 kwamba Wakenya 10 walikuwa wamepatikana nayo kati ya 2021 na 2022. Nikimwambia kijana kuwa kudungwa dawa hiyo kumekatazwa wakati wa mashindano, hushangaa kwa dhati: "Lakini mimi ni mgonjwa." Anayejiona mgonjwa hajioni mdanganyifu, kwa hiyo vitisho vyote vya kufungiwa anavisikia kama habari za watu wengine.

Wengine hujikinga kwa kutouliza. Kocha ndiye aliyempa, au rafiki wa kambini. Chepngetich alipatikana na hydrochlorothiazide, dawa ya presha ninayowauzia wazee kila wiki. Inatoa maji mwilini, na kwa hiyo inaweza kuficha dalili za dawa nyingine. Kipimo chake cha Machi 2025 kilionyesha nanogramu 3,800 kwa mililita. Kiwango kinachoruhusiwa kupita bila kuripotiwa ni 20. Kwanza hakuwa na maelezo, kisha akasema aliugua akameza dawa za msaidizi wake wa nyumbani. Huyu ndiye mwanamke wa kwanza kukimbia marathoni chini ya saa mbili na dakika kumi! Kwa maelezo yake mwenyewe, alimeza dawa ya mtu mwingine bila kuuliza kama imekatazwa.

Ipo pia hoja ya "kila mtu anatumia". Lance Armstrong, mwendesha baiskeli wa Marekani aliyekiri kutumia pufya, alisema kwenye televisheni mwaka 2013 kwamba alitafuta maana ya udanganyifu katika kamusi, akaona haimhusu, kwa kuwa wapinzani wake nao walikuwa wanatumia. Nimeisikia hoja hiyohiyo kwenye kaunta yangu kutoka kwa kijana ambaye nadhani hajawahi kulisikia jina la Armstrong.

Lakini iliyo ngumu kuijibu ni ya familia, kwa sababu karibu yote ni kweli. Kijana mmoja alinieleza: wadogo zake wawili wako sekondari, baba amekodisha shamba ili yeye akae kambini, na ajenti amemwambia bila muda mzuri hapati mwaliko wa Ulaya. Akamalizia, "Mama, mimi simwibii mtu. Mwili ni wangu."

Nilimsimulia marathoni ya Boston ya Oktoba 2021. Edna Kiplagat, Mkenya mwenzetu, alikuwa na miaka 41, akamaliza wa pili. Aliyemtangulia, Diana Kipyokei, baadaye alipatikana na triamcinolone hiyohiyo ya goti. Edna alitangazwa bingwa Desemba 2022, zaidi ya mwaka mmoja baada ya utepe kukatwa na mwingine. Nikamwongezea Buzunesh Deba wa Ethiopia, wa pili nyuma ya Rita Jeptoo katika Boston ya 2014. Jeptoo alipofutiwa matokeo kwa pufya, Deba alipewa ubingwa, lakini hadi 2024 alikuwa hajalipwa zawadi ya mshindi. Mtu baki aliyesoma habari zake ndiye aliyemtumia dola 75,000 kutoka mfukoni mwake. Deba naye ni mama mwenye watoto.

Kijana hakubishana. Aliuliza tu, "Huyo Edna, pesa alilipwa?" Nimemtajia miaka ya kufungiwa mara nyingi na haijamfanya aulize chochote.

Mwaka 2022 serikali iliahidi dola milioni 5 kila mwaka kwa miaka mitano kupambana na pufya. Naiomba ADAK, wakala wa Kenya wa kupambana na pufya, itenge sehemu ya fedha hizo iwalete kambini wale waliomaliza wa pili na wa nne nyuma ya watumiaji, wakae na vijana na kuwaeleza walichopoteza: ada, mkataba, mwaliko wa mwaka uliofuata. Orodha ya dawa zilizokatazwa vijana wanaweza kuisoma kwenye simu.

Na wenzangu wenye maduka ya dawa Iten, Kaptagat na Kapsabet, tumuulize kila kijana kama anakimbia kabla hatujafungua kabati. Akisema ndiyo, tumwandikie jina la dawa kwenye karatasi, tumwambie alihakikishe kwanza kwa daktari wa riadha ndipo arudi kununua.

Mfamasia, Eldoret