Kimya cha dakika moja

Moshi, Jumapili jioni

Shoga yangu, mwenzangu wa kitanda cha juu,

Barua yako imefika, na nimecheka peke yangu niliposoma kwamba Ricardo, yule mwanauchumi wa biashara kati ya nchi, anakunyima usingizi kuliko mtoto. Mimi naye tulipatana siku nilipoacha kukariri nikaandika hesabu zake za 1817 kwa mkono. Uingereza, kitambaa kinataka kazi ya watu 100 kwa mwaka, divai 120. Ureno, kitambaa 90, divai 80. Mreno anamshinda Mwingereza kote kote, lakini bado inamlipa kubaki na divai, kwa sababu divai ya watu 80 inamletea kitambaa ambacho angekitolea jasho la watu 90. Mwingereza naye anapata divai kwa kitambaa cha watu 100 badala ya kuhangaika na 120. Wakikuuliza Adam Smith, mwanauchumi aliyemtangulia, ana tofauti gani naye, jibu liko hapo: kwa Smith lazima uwe na kitu unachomzidi mwenzako, kwa Ricardo hata anayeshindwa kwa vyote ana la kupeleka sokoni. Wewe na sangara wako huko Mwanza, mimi na kahawa yangu, tumo humo.

Ila Ricardo alikuwa dalali wa hisa London, na kwenye hesabu zile hakuna mtu anayemtazama mwenzake usoni. Sikia kilichotupata msimu uliopita.

Walikuja wageni wawili kutoka Japani, pamoja na mkalimani. Kule kahawa yetu wanaiita Kilimanjaro, hata kama imetoka Mbinga kule kusini, na jina hilo pekee lina bei yake. Tukawapangia vikombe, wakaonja: kijiko, mvuto mmoja wa kelele kama mtu anayekunywa uji wa moto, wakatema. Bosi akataja bei. Mgeni mmoja, mzee, akafumba macho, akanyamaza.

Unawajua watu wa Moshi. Pale soko la Mbuyuni mteja akinyamaza ujue mguu wake mmoja umeshatoka kibandani. Bosi akavumilia kama sekunde ishirini, akapunguza senti kumi za dola kwa kilo. Kimya. Akapunguza kumi nyingine. Ndipo mzee akafumbua macho, akainamisha kichwa, akakubali.

Wakati wa chai nikamuuliza mkalimani kulikoni. Akaniambia mzee alikuwa anahesabu siku za meli, bei haikuwa imemsumbua kabisa. Kontena la kahawa ni magunia 320 ya kilo 60, yaani kilo 19,200. Zidisha kwa senti ishirini: dola 3,840, tumezitoa sadaka kwa mtu aliyekuwa anawaza kalenda! Bosi sijamwambia mpaka leo, na wewe usithubutu.

Na tusicheke sisi tu. Mwaka juzi alikuja Mjerumani, tukampandisha kwa mzee mmoja huku Kilema. Hajakaa vizuri, anauliza zipo kilo ngapi na za daraja gani. Mzee alikuwa bado kwenye "habari za safari", na mbege, pombe yetu ya ndizi, ilikuwa imeshaandaliwa. Akaagana naye kwa heshima zote, akamwambia kahawa imekwisha. Na mimi nilikuwa nimeiona stoo kwa macho yangu.

Sasa mtakapofika kwa Hofstede, yule Mholanzi aliyepima tamaduni kwa dodoso za wafanyakazi wa IBM, kampuni ya kompyuta, msome, lakini jicho moja lifumbe. Sisi alitutia kwenye kapu moja linaloitwa Afrika Mashariki, pamoja na Kenya, Ethiopia na Zambia, alama zilezile. Hebu fikiria Mchaga na Mzaramo wanavyopatana bei ya mbuzi mmoja, halafu uniambie alama yao ni ngapi. Hata yule mzee wa Kijapani simchukui kuwa Japani nzima. Mwenzake kijana alikuwa anaongea kama redio. Kinachonifaa kwa Hofstede ni kunikumbusha kwamba kimya changu na kimya cha mwingine si kitu kimoja. Alama zake nakuachia wewe na mtihani wako.

Siku hizi, bosi akishataja bei, mimi nammiminia mgeni maji, taratibu, glasi mpaka ijae. Bosi anadhani ni ukarimu. Tumeshauza mara mbili hivyo bila kushuka hata senti.

Shemeji anapanda basi la Mwanza Jumatano, nimempa nusu kilo, imekaangwa jana. Tafadhali usiichemshe na tangawizi mpaka ikome kunukia kahawa, kama ile ya mwaka jana. Na dagaa wangu usisahau, wale waliokauka vizuri, si wale uliomtuma nao kaka yako tukafungua madirisha siku mbili.

Msalimie mama na mtoto.

Ni mimi wa kitanda cha chini