Tujenge mwili kabla ya kurusha mateke

Mhariri,

Naomba nafasi niongee na wenzangu wa karate na taekwondo hapa Kisumu, kuanzia Kondele hadi Nyalenda. Jioni watu wanatoka job, wengine wamekaa kwa pikipiki siku nzima, wakifika tu wanaanza kurusha mateke ya juu halafu tunashangaa mbona msuli wa nyuma ya paja umechanika! Kujinyoosha dakika mbili hakutoshi jamani.

Kuna zoezi watu wa mpira wanalitumia sana, na utafiti umeonyesha linapunguza hayo majeraha ya paja: unapiga magoti, mwenzako anakushika vifundo vya miguu, unajishusha mbele polepole ukijizuia na mapaja mpaka ushindwe, unadaka chini na mikono. Anza na machache, kesho yake utayasikia.

Goti nalo linaumia ukizungusha mwili na mguu uliosimamia umeganda sakafuni, kwa hivyo zoea kusimama mguu mmoja, kuchuchumaa, kuruka na kutua taratibu goti lisiingie ndani. Wa judo wasisahau kuimarisha shingo.

Na makocha, tafadhali sana, wanafunzi wapya msiwaingize kwa sparingi (kupigana kwa mazoezi) kabla hawajajua kuanguka bila kuumia.

Mpenzi wa karate,
Kisumu