«Diversity» si «tofauti» kila mahali

Kwa Mhariri,

Katika matangazo ya kazi na taarifa za miradi zinazotolewa kwa Kiswahili hapa Bukavu, kuna sentensi inayorudi karibu neno kwa neno: «Tunathamini tofauti.» Imetoka kwenye Kiingereza, mara nyingi kwa kupitia Kifaransa, na neno lililoko chini yake ni «diversity», ambalo humo linakusudia watu wa namna mbalimbali kuwa pamoja. Msomaji wa Kadutu au Bagira ana maana yake tayari. Majirani wenye tofauti ni majirani waliogombana. Mume na mke wakiwa na tofauti, wazee huitwa. Basi anachosoma hapo ni shirika linalosifu ugomvi.

Sisi tunaofanya kazi ya kutafsiri hatudhani kosa hili ni la uvivu. Neno lenyewe la Kiingereza limegeuka maana kwa zaidi ya miaka 600, na maana zake za zamani hazijafa zote. Asiyejua njia lililopita ataokota neno la kwanza lililo kwenye kamusi.

Shina lake ni kitenzi cha Kilatini, divertere, yaani kugeuka, huyu upande huu na yule upande ule. Shina hilohilo ndilo lililozaa «divorce», talaka, kwa Kifaransa na kwa Kiingereza. Kifaransa cha kale kiliunda «diversité», na katika karne ya 14 Waingereza walikuwa wamelichukua. Wakati huo halikuwa sifa hata kidogo. Katika Kifaransa cha kale mtu aliyeitwa «divers» angeweza kuwa mtu wa ajabu, mkaidi, hata mkatili, na Kiingereza nacho kilibeba kivuli hicho cha ukinzani na upotovu. Kugeuka mbali na wenzako lilikuwa jambo la kutia shaka.

Kufikia mwaka 1700 hivi Waingereza walikuwa wameligawa neno moja kuwa mawili. «Divers», bila e mwishoni, likabaki na maana ya «kadhaa, vya namna nyingi». Biblia yao ya mwaka 1611 inasema Yesu aliponya wenye «divers diseases», maradhi mbalimbali. «Diverse» ndilo lililobeba maana ya kutofanana. Kifaransa hakikufanya mgawanyo huo, na sisi tunaishi na matokeo yake: kila mzazi anayelipa shule anaujua mstari wa «frais divers», fedha za vitu vidogo vidogo visivyo na mstari wao. Hakuna mzazi anayeusoma kama «malipo ya tofauti». Tunapotoka kwenye Kifaransa cha kila siku tunatafsiri vizuri. Tunateleza pale neno linapovaa suti ya ofisi.

Geuko kubwa zaidi la neno hili halionekani katika tahajia. Zamani lilisema jambo lililo kati ya vitu viwili: hiki si kama kile. Leo, mara nyingi, linasema jambo lililo ndani ya kundi moja: namna ngapi zimo, na zimegawanyika vipi. «Tofauti» ya Kiswahili, tuliyoipata kutoka Kiarabu, imebaki kwenye maana ya kwanza. Tunasema tofauti kati ya A na B. Ukisema «tofauti ndani ya kijiji», msomaji anauliza nani kagombana na nani.

Maharagwe yanalionyesha jambo hili vizuri kuliko maelezo. Hesabu punje 100 kutoka kopo la mchanganyiko, kama unavyouzwa sokoni Kadutu: nyekundu 20, njano 20, nyeupe 20, nyeusi 20, za madoadoa 20. Sasa hesabu 100 nyingine zenye rangi zilezile tano, lakini nyekundu 96 na kila rangi nyingine punje moja. Tofauti kati ya punje nyekundu na punje nyeupe ni ileile katika makopo yote mawili. Lakini fumba macho utoe punje mbili. Katika kopo la kwanza, mara kama 80 kati ya 100 utatoa rangi mbili zisizofanana. Katika la pili, kama mara 8 tu. Hicho ndicho wataalamu wa viumbe wanachokipima wanaposema «diversity»: idadi ya aina, pamoja na usawa wa mgawanyo wake. Ndiyo maana ripoti inayosema tu «kuna aina tano» imeeleza nusu. Mkulima wa Kivu anayepanda mchanganyiko analijua hilo bila hesabu: ugonjwa unaoangusha aina moja huiacha nyingine, na shamba haliangamii lote. Kwa kopo la pili, ugonjwa wa nyekundu ungemwachia punje nne.

Kwa viumbe, basi, Kiswahili kina neno lililokwisha tengenezwa: bayoanuwai. «Anuwai» ni Kiarabu, wingi wa neno lenye maana ya aina, kwa hiyo linakaa sawasawa na kinachopimwa. Kwa Kiingereza «biodiversity» ni neno changa; lilianza kutumika katika maandalizi ya mkutano uliofanyika Washington mwaka 1986. Mkataba wa kimataifa wa mwaka 1992 unataja ngazi tatu: ndani ya aina moja ya kiumbe, kati ya aina na aina, na mifumo ya mazingira. Anayetafsiri taarifa za hifadhi ya Kahuzi-Biega azitunze zote tatu. Kuandika «wanyama wengi» ni kosa linalorudi mara kwa mara. Msitu unaweza kuwa na wanyama wengi wa aina chache, na ngazi ya kwanza, ya vinasaba ndani ya sokwe wa aina moja kwa mfano, hupotea kabisa katika maneno hayo mawili.

Mahakama za Marekani ni kinyume chake. Huko «diversity» ya uraia imebaki na maana ya zamani, ya kati ya wawili. Mahakama ya serikali kuu husikiliza kesi ya madai kwa sababu mdai ni wa jimbo moja na mdaiwa ni wa jimbo jingine, nayo kesi iwe ya zaidi ya dola 75,000. Tangu uamuzi wa mwaka 1806 inatakiwa kila mdai awe wa jimbo lisilo la mdaiwa yeyote. Mmoja akifanana na wa upande wa pili, msingi huo umevunjika. Hapa «tofauti ya majimbo» ndiyo sahihi. Tumekwisha kuona hati ya namna hii ikitafsiriwa «mchanganyiko wa raia», na mtu mwenye ndugu huko akadhani kesi inahusu rangi au kabila.

Halafu kuna ile inayoitwa mtaani «loterie», viza ya Marekani ya bahati nasibu, ambayo jina lake rasmi lina neno hilohilo. Sheria yake ni ya mwaka 1990, inaruhusu nafasi hadi 55,000 kwa mwaka, na «diversity» yake ni ya nchi tu. Nchi iliyopeleka wahamiaji zaidi ya 50,000 kwa njia za familia na za kazi ndani ya miaka mitano inawekwa kando, ili wanaoingia wasitoke mahali pamoja. Gazeti likiandika «viza ya tofauti», watu wanaanza kujiuliza waonyeshe tofauti gani kwenye fomu. Hakuna ya kuonyesha. Kinachohesabiwa kwanza ni nchi ya kuzaliwa, si pasipoti: raia wa Kongo aliyezaliwa katika nchi iliyowekwa kando hufuata nchi aliyozaliwa, isipokuwa aweze kutumia nchi ya mke au mume wake, au ya mzazi kwa masharti maalumu. Na anayejaza mara mbili kwa mwaka mmoja huondolewa. Tunapendekeza «viza ya mchanganyiko wa nchi».

Limebaki la matangazo ya kazi, ndilo gumu zaidi. Maana ya matangazo hayo, ya mchanganyiko wa watu, ilipata nguvu Marekani mwaka 1978, katika kesi ya chuo cha udaktari cha Davis, California, kilichotenga nafasi 16 kati ya 100 kwa wanafunzi wa makundi ya wachache. Jaji Lewis Powell alikataa nafasi zilizotengwa, lakini akakubali kwamba chuo kinaweza kutafuta mchanganyiko wa wanafunzi kwa faida ya masomo. Neno likahama kutoka mahakamani kwenda vyuoni, kisha kwenye makampuni na mashirika, hadi likatufikia sisi. Mwaka 2023 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikataa kutumia rangi katika kuchagua wanafunzi, na Januari 2025 serikali iliamuru programu za namna hiyo zifungwe katika idara zake. Kwa hiyo mtafsiri aangalie tarehe ya hati: hati mbili za mfadhili mmoja, moja ya kabla na moja ya baada, zinaweza kukwepa au kutumia neno hili kwa makusudi, naye asiongeze wala asifiche.

Kazini tunafanya hivi. Kwanza tunauliza: kati ya nani na nani, au ndani ya nini? Ikiwa ni kati ya wawili, «tofauti» inatosha. Ikiwa ni ndani ya kundi, tunauliza tena: namna za nini? Makabila, dini, lugha, wanaume na wanawake, wenye ulemavu? Mwandishi wa Kiingereza mara nyingi hakusema, kwa kuwa kwake neno moja linabeba vyote. Kiswahili hakibebi, basi tunamrudia mwenye hati aseme. Baada ya jibu ndipo tunaandika. «Tunathamini tofauti» inakuwa: «Tunapokea maombi ya wanawake na wanaume, wa kabila lolote na dini yoyote, pamoja na watu wenye ulemavu.» Ni ndefu, ndiyo. Lakini mama anayesoma tangazo ukutani anajua kama linamhusu.

Mwenye hati akikataa kufafanua, tunaandika «watu wa namna mbalimbali». Neno «mbalimbali» ni letu kabisa, ni «mbali» iliyorudiwa, nalo halina harufu ya ugomvi. «Utofauti» tunaliacha: kuweka u- mbele hakuondoi maana ya kutofautiana. Na kwa wahariri kuna mtego mmoja mdogo zaidi. «Tuliongea na watu tofauti» inaweza kusomwa kwamba watu hao si wale wa jana. «Watu mbalimbali» haina utata huo.

Tunaomba basi matangazo ya kulipiwa yanayoletwa kwenu yakiwa yamekwisha tafsiriwa yapitiwe kwa maswali hayo mawili kabla ya kwenda mitamboni, na mteja apigiwe simu pale jibu lisipopatikana.

Watafsiri wa Kifaransa, Kiingereza na Kiswahili,
Bukavu