Barua kwa vijana wangu mliotoka semina ya karama

Wanangu, Bwana Yesu asifiwe sana.

Nawaandikia nyote mliokua kwenye semina ya karama, wa kwaya, wa kusifu na kuabudu, wa maombi ya mkesha, na hata nyie wa viti vya nyuma karibu na mlango mnaodhani barua za wazee haziwahusu. Nimewaona mlivyotoka mkiwa na moto na nimefurahi jamani, sina neno baya juu ya semina. Ila tangu siku ile kwenye grupu nasoma huyu ni nabii, yule mwombezi, mwingine kapewa kuponya, alafu binti mmoja akaja kwangu akaniambia kwa sauti ya chini kabisa, mama mimi kwenye ile karatasi ya maswali ya kutambua karama sikupata kitu, nimepata masaidiano, yaani karama ya kusaidia wengine. Utafikiri kaambiwa amefeli mtihani.

Huyo binti mimi namjua. Juzi tulikua nae msibani, alikaa pembeni ya mafiga na daftari lake la kaunta anaandika sukari ya nani, mchele wa nani, masufuria yametoka jumuiya gani, sahani ngapi zimeazimwa, katikati ya hayo yote akaona mfiwa hajatia kitu mdomoni tangu asubuhi akamtuma mtoto ampelekee uji chumbani, hakumtangazia mtu. Jioni mzee mmoja wa ukoo akaanza kugombana na kamati kuhusu hela ya jeneza, mambo yakaanza kuchemka pale mnavyojua misiba yetu, binti akafungua daftari akamsomea taratibu, mstari kwa mstari, nani katoa nini na imeenda wapi, mzee akapoa, akakaa, akaomba chai. Hakuna aliyenena kwa lugha pale lakini mimi sina shaka kabisa ni Roho Mtakatifu aliyekua anamwongoza yule mtoto.

Sasa fungueni 1 Wakorintho 12 mstari wa 28. Paulo anataja miujiza, karama za kuponya wagonjwa, na hapo hapo anaendelea masaidiano, na maongozi, na aina za lugha, yote kwenye mstari mmoja, Mungu yule yule ameyaweka katika kanisa. Alafu nendeni Warumi 12, mwenye kukirimu kwa moyo mweupe, mwenye kusimamia kwa bidii, mwenye kurehemu kwa furaha. Hiyo ya furaha msiipite haraka, maana aliyewahi kumuuguza mtu wa kulala kitandani anaelewa, mgonjwa anajua kabisa nani anamgeuza na kumwogesha kwa upendo na nani anamgeuza huku amenuna, anajua hata akiwa hawezi kuongea. Kuna watu hapa kwetu wana hiyo karama na miaka yote hatujawahi kuwaita mbele tuwaombee.

Na hao Wakorintho wenyewe hebu tuwaangalie vizuri kwa sababu tunawanukuu sana. Sura ya kwanza kabisa Paulo anakiri hawajapungukiwa na karama yo yote. Kanisa limejaa, lugha zipo, unabii upo, na kanisa hilo hilo sura ya 6 wanapelekana mahakamani ndugu kwa ndugu, sura ya 11 wanakuja kwenye chakula cha Bwana huyu ana njaa na huyu amelewa, wenye navyo wanatangulia kula na wasio navyo wanatahayarishwa. Yaani mtu anatoka kula mbele ya mwenzie mwenye njaa, alafu anasimama kutoa unabii! Ndo maana sura ya upendo, ya 13, imekaa katikati ya ile ya 12 na ya 14, wala haikuandikwa kwa ajili ya kadi za harusi, iliandikwa kwa watu wenye karama kama nyie, wanaojua kuomba lakini hawajui jirani yao amelala njaa.

Wazee wetu wa uamsho hilo walilielewa. Moto ule wa Afrika Mashariki chimbuko lake mojawapo ni pale Gahini, Rwanda, na mmoja wa watu wa kwanza kuguswa alikua Yosiya Kinuka, mhudumu wa hospitali, sio askofu wala mchungaji. Kazi ilikua imemshinda, akaenda Kampala kumwona Simeoni Nsibambi, mmoja wa viongozi wa mwanzo wa uamsho huo, akidhani atapata mtu wa kumlilia kuhusu matatizo ya hospitali, akaambiwa aanze kuangalia moyo wake mwenyewe. Alirudi kule kule wodini akiwa mtu mwingine. Miaka ya 1930 uamsho ukasambaa, na watu waliujua kwa vitu vinavyoshikika, walokole walikua wanarudisha walivyoiba, wanalipa madeni, wanaombana msamaha mbele za watu.

Kwa hiyo wewe wa bodaboda karama yako ianze kwa abiria, chenji irudi yote na mtoto wa shule afike salama. Wewe wa ofisi ya serikali, mama wa kijijini asiambiwe njoo kesho wakati faili lipo mezani. Muuguzi wa zamu ya usiku, najua mmechoka, najua mko wachache, ila maneno yako kwa mama mwenye uchungu saa nane usiku ni huduma kubwa kuliko nyingi tunazozisifia Jumapili.

Nyie mnaosema mmepewa unabii nawapenda na nitawaambia wazi. 1 Wakorintho sura ya 14 inasema anenaye unabii anawajenga watu, anawafariji, anawatia moyo, na inasema wawili au watatu wanene na wengine wapambanue. Kama hutaki kupimwa nyamaza kwanza. Usimwambie binti wa watu Mungu amenionyesha wewe ni mke wangu, hiyo ni kumfunga mtu kwa jina la Bwana. Na wa kuponya, ombeni, wekeni mikono, mimi naamini Mungu anaponya, lakini marufuku kumwambia mtu aache dawa za presha, za sukari au ARV. Nimemzika jirani yangu aliyeambiwa hivyo mahali fulani, ameacha watoto watatu. Aliyepona kweli daktari ataona kwenye vipimo, na Luka aliyetembea na Paulo alikua tabibu.

Kuhusu hela ni fupi, someni Matendo 8, Simoni alivyoleta fedha anunue uwezo wa kuwapa watu Roho Mtakatifu, na Petro alivyomkatalia.

Mkitaka kujua karama zenu acheni kwanza ile karatasi, waulizeni majirani na wa nyumbani mwenu, watu wakikwama wanakutafuta wewe kwa lipi? Na mkeo au mama yako akikujibu usimkatize.

Alhamisi nitakua kwenye jumuiya kuanzia saa kumi. Kila mmoja aje na jina la mtu mmoja wa mtaani kwake, mgonjwa, mfiwa, mtoto aliyekosa ada, tutagawana nani anaenda kwa nani na siku gani. Na daftari nimeshaongea na yule binti, atakuja nalo, yeye ndo atasimamia.

Mama yenu,
mzee wa kanisa