Binamu, wanawake hawajadandia juzi

Binamu,

Ile Idi kwa shangazi ulisema hadithi za kubuni za sayansi ni mambo ya wanaume, wanawake wamedandia juzijuzi tu. Sikukujibu maana mdomo ulikuwa umejaa pilau na bakuli la kachumbari lilikuwa kwako, sasa leo nakujibu mbele za watu.

Mary Shelley wa Uingereza alianza kuandika Frankenstein, kile kitabu cha mwanasayansi aliyeunda jitu hai, ana miaka 18, kikatoka 1818. Kabla yake Margaret Cavendish, 1666 hukohuko Uingereza, kashatunga dunia nzima mtawala wake mwanamke. Ila hao tuwaache, mi nataka nikwambie habari za Rokeya Hossain wa Bengal, India ya enzi za Mwingereza, maana huyo ni kama bibi yetu kabisa.

Si unakumbuka bibi alivyokuwa anasimulia mambo ya utawa, kwamba msichana akishavunja ungo basi ni ndani, hata dirishani asichungulie? Rokeya kakulia humohumo, tena yeye tangu ana miaka 5 alikuwa anafichwa hata na wanawake wageni. Kiingereza kafundishwa na kaka yake usiku kwa mshumaa. Basi 1905 mumewe hakimu kasafiri kikazi, yeye kabaki peke yake nyumbani, akaona apoteze muda kwa kuandika hadithi ya Kiingereza, Ndoto ya Sultana. Mume karudi kaisoma yote kasimama wima, akasema hiki ni kisasi kikali.

Na kweli kisasi bwana! Wanaume ndo wako utawani wanapika na kulea, wanawake wanaendesha nchi kwa sayansi. Chuo kimoja cha wanawake kimetengeneza puto lenye mabomba linalovuta maji mawinguni, kingine kinakusanya joto la jua hadi wanapikia, jikoni hamna moshi wala makaa. Wanajeshi wakawa wanawacheka. Adui alivyokuja wakashindwa haohao, ndo mkuu wa chuo akatoka na wanafunzi 2,000 wakammulika adui na hilo jua mpaka akatimua mbio, na wanaume walikuwa wameombwa waingie ndani kidogo ili wanawake wapite kwa heshima, hawajatoka mpaka leo hahaha.

Kuna hesabu pale niliisoma mara mbili: mwanaume akivuta sigara 12 kwa siku, kila moja nusu saa, masaa 6 yameenda na moshi, wanawake wanamaliza kazi za ofisi kwa masaa 2. Nikakukumbuka wewe na simu yako.

Hiyo ni miaka 10 kabla ya Herland, riwaya ya nchi ya wanawake watupu ya Mmarekani Charlotte Perkins Gilman, ambayo ndo hutajwa sana.

Baadaye Rokeya akafungua shule ya wasichana Calcutta, 1911, wanafunzi 8. Basi la shule likazibwa kote ili wasionekane, watoto wakawa wanazimia kwa joto, akaweka mapazia, zikaja barua za kulalamika kwamba upepo unayapeperusha.