Mnatuambia tujiamini kazini, sawa, lakini tunajiamini vipi?

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi kidogo kwenye gazeti lako nitoe la moyoni maana hili jambo limenikera muda mrefu. Kila nikisoma kurasa za ajira na maisha, au nikisikiliza vile vipindi vya asubuhi redioni, akiulizwa mtaalamu mfanyakazi afanye nini mambo yakiwa magumu kazini jibu ni lile lile, tulia, jiamini, fikiri chanya, yatapita. Haya, natulia vipi sasa? Hapo ndo huwa wanaishia. Mtu ana barua ya kujieleza mkononi, au bosi mpya hamtaki, au kuna tetesi za kupunguza watu na hakuna mkubwa anayefungua mdomo, halafu unamwambia ajiamini, si ni sawa na kumwambia mwenye njaa ashibe.

Mimi si mwanasaikolojia, ni mfanyakazi tu, ila nimekaa kazini muda wa kutosha nikaona watu wakipitia hayo mambo, kuna waliotoka salama na kuna waliojimaliza wenyewe kwa meseji moja waliyoituma usiku wakiwa na hasira.

Kwanza huu utulivu wenyewe tunauelewa vibaya. Tunadhani aliyetulia ni yule asiyeogopa, kwa hiyo ukijiona mikono inatetemeka unasema basi mimi sio wa kutulia. Wengi wanakumbuka ile ndege ya US Airways iliyotua kwenye mto Hudson pale New York tarehe 15 Januari 2009, ilikuwa imeruka muda mfupi tu ikakutana na kundi la mabata bukini, injini zote mbili zikafa, rubani Chesley Sullenberger alikuwa na kama dakika tatu na nusu tu hivi mpaka kugusa maji na watu wote 155 wakapona. Sauti yake akiongea na waongozaji wa ndege unaweza kudhani anaagiza chai. Lakini mwenyewe alisimulia baadaye kwenye mahojiano kwamba ile sekunde ya kwanza tumbo lilimshuka kuliko siku yoyote maishani mwake. Kwa hiyo hofu alikuwa nayo tena kubwa, ila mikono ilikuwa inajua cha kufanya, akachukua usukani, msaidizi wake akaanza kufuata orodha ya kuwasha injini, kila mtu na kipande chake. Na huyo rubani alikuwa amesharuka karibu saa 20,000, tusilisahau hilo, hakuamka tu asubuhi akajiambia mbele ya kioo kwamba yeye ni shujaa.

Sasa turudi kwetu sisi wa kawaida. Saa nne usiku simu inaita tiii, ni bosi, ameandika "kesho uje ofisini kwangu kabla ya kuanza kazi", basi, hakuna salamu hakuna sababu. Unasoma mara ya kwanza, unarudia, unaanza kupekua kichwani nimekosea wapi, ile ripoti, yule mteja, au kuna mtu kapeleka maneno. Moyo unaenda mbio, mdomo unakauka, usingizi ndo umekwisha. Hiyo sio kwamba wewe ni dhaifu, ni mwili umemwaga homoni za hofu, adrenalini na kotisoli, kama vile kuna chui mlangoni, na mwili haujui tofauti kati ya chui na meseji ya bosi. Katika hali hiyo kichwa hakipimi mambo vizuri, ndo maana ukijibu muda huo utajibu vibaya, ama utaomba msamaha kwa kosa ambalo hata hujaambiwa ama utajibu kwa jeuri. Andika "sawa bosi, nitafika" halafu weka simu mbali na kitanda. Vuta pumzi kwa pua, itoe polepole iwe ndefu kuliko ulivyoivuta, rudia kwa dakika chache, watu wanaona kama mchezo lakini ile pumzi ndefu ya kutoka ndo inayopunguza mapigo ya moyo, kuna mshipa mkubwa wa fahamu unaotoka kichwani kwenda kifuani ndo unafanya hiyo kazi. Haitamaliza shida yako, bosi kesho atakuwepo tu, ila utaingia ofisini kwake ukiwa na akili zako.

Ninachotaka hasa kukisema ni hiki cha kujiamini. Mwanasaikolojia mmoja anaitwa Albert Bandura aliandika mwaka 1977 kuhusu imani ya mtu kwamba kazi fulani anaiweza, akasema inatoka sehemu nne, unayoyafanya mwenyewe ukafaulu, kuona wenzako wa aina yako wakifaulu, maneno ya kutiwa moyo, na hali ya mwili wako wakati ule. Na yenye nguvu kuliko zote ni hiyo ya kwanza. Sasa angalia sisi tunachopewa kila siku ni kipi, ni maneno ya kutiwa moyo tu! Ile yenye nguvu tunaiacha chini, tena mbaya zaidi tunaisahau wenyewe, maana ukikaripiwa leo mbele za watu kazi nzuri ya miaka inafutika kichwani unabaki na lile kosa moja tu.

Nina mwenzangu tulifanya kazi pamoja, yeye alikuwa mtunza stoo, mtu mkimya hata kwenye grupu la ofisi huwa hachangii. Alikuwa na daftari lake lenye jalada gumu, kila mzigo unaoingia na kutoka anaandika tarehe, idadi, nani kachukua, na anamsainisha hapo hapo hata kama ni meneja, na sisi tulikuwa tunamcheka kwa sababu kwenye kompyuta kulikuwa na programu ya hiyo hiyo kazi. Siku moja hesabu zikagoma, mali imepungua, akaitwa kikaoni watu wazima watano wamemkodolea macho na mmoja tayari anamwita mwizi. Angekuwa ni mimi ningelia au ningegombana. Yeye akasema tu "naomba mnipe mpaka kesho asubuhi nilete maandishi yangu, nitajibu swali moja moja". Kesho yake akaja na lile daftari, wakapitia ukurasa kwa ukurasa, ikaonekana mzigo ulitoka kihalali na saini ipo, aliyetakiwa kuingiza kwenye kompyuta ndo hakuingiza. Nilimuuliza baadaye ulitulia vipi ndugu yangu, akaniambia "sikutulia, usiku sikulala, ila nilijua nilichoandika". Sijasikia mtaalamu wa redioni akieleza kujiamini vizuri kuliko hapo.

Ndo maana nawaambia vijana wanaoanza kazi, tunza kumbukumbu zako. Sio za stoo tu. Mteja akikushukuru kwa imeli ihifadhi, ukimaliza kazi ngumu andika mstari mmoja ilikuwa nini na uliitatuaje, ukipewa maagizo kwa mdomo yarudishe kwa maandishi, "kama tulivyoongea asubuhi, nitafanya hivi na hivi", kwa heshima tu bila ubishi. Siku mambo yakichafuka una cha kusoma, na una cha kumwonyesha mtu. Na usidhani ukiwa na wasiwasi na uwezo wako ndo ushahidi kwamba huwezi, mwaka 1978 wanasaikolojia wawili, Pauline Clance na Suzanne Imes, waliandika kuhusu wanawake wasomi wenye mafanikio makubwa kabisa ambao moyoni waliamini wamebahatisha tu na siku moja watagundulika, vyeti wanavyo na bado hawajiamini. Kwa hiyo hisia zinadanganya, daftari ni gumu kudanganya kama uliliandika kwa ukweli.

Ila Mhariri nisije nikaeleweka kwamba kila shida ya kazini dawa yake ni mfanyakazi kupumua na kuandika. Hapana. Kuna maofisi mtu anatukanwa kila siku, anapangiwa kazi za watu watatu, mshahara unachelewa, halafu wanaletewa mtu wa kutoa semina ya kudhibiti stresi na picha zinapigwa. Hiyo ni dhihaka. Shirika la Afya Duniani mwaka 2019 lilipoingiza ule uchovu mkubwa wa kazini kwenye orodha yake ya magonjwa na mambo ya afya halikuuita ugonjwa, lilisema ni hali inayotokana na msongo wa muda mrefu wa kazini ambao haujashughulikiwa ipasavyo. Yaani sababu ipo kazini, kwa hiyo na menejimenti ina lake la kujibu. Na kuna Mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani wa mwaka huo huo wa 2019 unaohusu ukatili na unyanyasaji kazini, kuna na ule namba 158 wa mwaka 1982 unaosema mfanyakazi asifukuzwe kwa sababu ya mwenendo au utendaji wake kabla hajapewa nafasi ya kujitetea. Si kila nchi imeiridhia, lakini nchi nyingi sheria zake za kazi zina kifungu kinachofanana na hicho cha kujitetea, na wafanyakazi wengi hawajui kama kipo. Mtu akijua kwamba barua ya kujieleza ni nafasi yake ya kusikilizwa, kwamba ana haki ya kuuliza tuhuma ni ipi hasa, kwamba kwenye sehemu nyingi anaweza kwenda kikaoni na mwenzake au mtu wa chama cha wafanyakazi, hata ile pumzi inashuka yenyewe bila kufundishwa.

Kwa hiyo ombi langu kwako Mhariri, na naamini wasomaji wengi wataniunga mkono, mtupe kidogo likizo na hizo makala za fikiri chanya. Badala yake mtafuteni afisa kazi, au wakili wa mambo ya ajira, atuelezee kwenye gazeti hatua kwa hatua mtu afanye nini siku akipewa barua ya kujieleza, ajibu ndani ya muda gani, aandike nini na asiandike nini, na akikataliwa aende wapi. Ukurasa mmoja tu unatosha, mimi nitaukata na kuubandika kwenye ubao wa matangazo kazini kwetu, kama hawatauchana.

Msomaji wenu wa kila siku